Beki asiye na jina anaweza kuwa kocha mkubwa? Jibu kwa msomaji wa Morogoro

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni beki wa kati, nina miaka 25, nachezea timu ya ligi ya mkoa hapa Morogoro. Sijawahi kuitwa timu ya taifa, hata ya vijana, na najua sitaitwa. Nataka kuwa kocha. Wenzangu wananicheka, wanasema kocha lazima awe alikuwa staa. Nikiwatajia David Moyes, yule Mskochi, wananijibu kuwa huyo ndiye aliyeiharibu Manchester United. Je, ni mfano mzuri kwangu? Na nisubiri nistaafu ndipo nianze kusomea, au nianze sasa?"

Marahaba, mdogo wangu. Anza sasa. Na Moyes ni mfano mzuri kwako, pengine kuliko kocha mwingine yeyote unayemwona kwenye televisheni, ila mchukue mzima mzima, pamoja na ile miezi kumi ya Old Trafford, uwanja wa Manchester United. Wenzako wanaijua hiyo miezi kumi tu. Miaka kumi na minane aliyocheza kabla ya kupewa timu hawaijui, na humo ndimo lilimo jibu lako.

Moyes alizaliwa Glasgow mwaka 1963. Utotoni alicheza Drumchapel Amateurs, timu ya ridhaa ya mji huo ambayo Alex Ferguson, yule aliyekuja kuwa kocha maarufu wa Manchester United, naye alipitia miaka mingi kabla yake. Akaingia Celtic mwaka 1980, na msimu wa 1981/82 akawa sehemu ya kikosi kilichotwaa ubingwa wa Scotland. Ukiishia hapo utasema huyu alikuwa staa. Lakini mechi zake za ligi akiwa Celtic ni 24 tu. Mwaka 1983 aliondoka, na unajua alikwenda wapi? Cambridge United, huko Uingereza, timu iliyokuwa ikizama. Msimu ule Cambridge walicheza mechi 31 za ligi mfululizo bila kushinda hata moja, wakashuka daraja. Msimu uliofuata wakashuka tena. Hebu jiweke mahali pake: una miaka 20, umetoka kuvaa jezi ya mabingwa, na sasa kila Jumamosi unaingia uwanjani na wenzako ambao wameshasahau ladha ya ushindi.

Baada ya hapo alihamahama kama wanavyohama mabeki wengi wa kawaida. Bristol City, ambako walau alishinda kombe la timu za madaraja ya chini pale Wembley mwaka 1986. Shrewsbury. Akarudi kwao Scotland, Dunfermline, akafika fainali ya Kombe la Ligi mwaka 1991 na kufungwa na Hibernian. Hamilton kidogo. Mwaka 1993 akatua Preston North End, daraja la nne la Uingereza. Jumla alicheza zaidi ya mechi 500 za ligi, na timu ya taifa ya wakubwa ya Scotland haikumwita hata siku moja.

Katikati ya safari hiyo kuna jambo ambalo ndilo nililotaka ulisikie: alianza kozi za ukocha akiwa na miaka 22. Mdogo kwako kwa miaka mitatu. Hakusubiri goti limwambie aache.

Kwa nini beki? Nitakueleza kwa kitu nilichokiona mwenyewe. Kuna msimu nilikuwa na beki wa kati, kijana mpole sana nje ya uwanja, hata salamu yake husikii. Mpira ukianza anageuka mtu mwingine. "Panda! Panda! Simama hapo. Mtu mgongoni! Acha, wa kipa huyo." Dakika tisini hanyamazi. Siku moja alikuwa na kadi, akakaa benchi pembeni yangu, na midomo yake ikaendelea kucheza polepole. Kabla pasi haijapigwa alikuwa ameshasema inakwenda wapi. Nilimuuliza amejuaje, akanijibu: "Mwalimu, si wote nawaona migongo?" Nimelibeba jibu hilo hadi leo. Mshambuliaji anacheza akilielekea goli la wapinzani, wenzake wako nyuma yake. Beki wa kati anawaona wote tisa walio mbele yake, mpira umeanzia wapi, nani amechoka, nani amesahau kurudi. Kazi yake ni kuliona tatizo kabla halijafika na kumwambia mwenzake kwa maneno mawili. Hiyo tayari ni nusu ya ukocha.

Nusu tu, lakini. Usije ukadhani ubeki pekee unatosha, wala kwamba ustaa ni kikwazo. Waangalie Waskochi wenyewe. Willie Miller na Alex McLeish walisimama pamoja katikati ya ulinzi wa Aberdeen ya Ferguson, ile iliyoifunga Real Madrid na kutwaa Kombe la Washindi barani Ulaya mwaka 1983. Miller alikuwa nahodha, mechi 65 za taifa, McLeish 77. McLeish akawa kocha wa miaka mingi, akashinda mataji na Rangers, akaipa Birmingham City Kombe la Ligi mwaka 2011, akaifundisha timu ya taifa mara mbili. Miller alipewa Aberdeen yake mwenyewe mwaka 1992, na Februari 1995 akatimuliwa, na ukocha wake ukaishia pale. Ukuta mmoja, mwalimu mmoja, medali zilezile. Kisha mtazame Steve Clarke, beki wa pembeni wa St Mirren na Chelsea, mechi sita tu za taifa. Alikaa miaka mingi akiwa msaidizi wa wengine, wakiwemo Ruud Gullit na José Mourinho. Huyo ndiye aliyeirudisha Scotland kwenye mashindano makubwa baada ya miaka zaidi ya ishirini, akaipeleka Euro mbili, na Novemba 2025 pale Hampden akaifunga Denmark 4-2 na kukata tiketi ya Kombe la Dunia, la kwanza kwao tangu 1998. Idadi ya mechi za taifa haikumsaidia wala haikumzuia.

Sasa turudi Preston, maana pale ndipo beki alipogeuka kocha mbele ya macho ya watu. Moyes alikuwemo kwenye kikosi kilichochukua ubingwa wa daraja la nne mwaka 1996. (Mwaka mmoja kabla yake, kijana mmoja wa Manchester United aliletwa pale kwa mkopo wa mwezi mmoja, akafunga kwa kona ya moja kwa moja siku yake ya kwanza. Jina lake David Beckham.) Moyes akiwa bado mchezaji akaanza kumsaidia kocha wake kazi. Januari 1998 timu ilikuwa inayumba kwenye daraja la tatu, kocha akaondoka, viongozi wakageuka kumtazama mtu aliyekuwa bado anavaa bukta na wachezaji. Alikuwa na miaka 34. Akaibakiza timu darajani, msimu uliofuata akaifikisha mchujo wa kupanda, na mwaka 2000 akawa bingwa kwa pointi 95. Mwaka 2001 alibakiwa na mechi moja tu kuingia Ligi Kuu, akafungwa na Bolton 3-0 kwenye fainali ya mchujo huko Cardiff.

Angalia vizuri hapo. Alipopewa timu hakuwa mgeni wa ukocha. Alikuwa na miaka kumi na miwili ya kozi na daftari. Ferguson mwenyewe alimfikiria awe msaidizi wake Manchester United alipoondoka Brian Kidd, ingawa nafasi ile ikaenda kwa Steve McClaren.

Machi 2002 Everton wakamchukua. Timu ilikuwa inachungulia kushuka. Siku ya kutambulishwa aliiita Everton klabu ya watu, na neno hilo likashika hadi leo. Mechi ya kwanza ilikuwa dhidi ya Fulham, na mashabiki wengine hawajakaa vizuri David Unsworth alikuwa ameshafunga. Oktoba mwaka ule alimwingiza uwanjani mtoto wa miaka 16, Wayne Rooney, dhidi ya Arsenal waliokuwa wamecheza mechi 30 za ligi bila kufungwa. Dakika ya mwisho mtoto akageuka na kuachia shuti la mbali, mpira ukagonga chini ya mwamba na kuingia. Sisi huku tulikuja kumwona Rooney kwa macho Julai 2017, Everton walipokuja Dar es Salaam kucheza na Gor Mahia, naye akafunga kutoka mbali pale Uwanja wa Taifa. Wakati huo Moyes alishaondoka, lakini mimi nililiona shuti lile na kukumbuka lile la Arsenal.

Msimu nitakaokushauri uutafute na kuusoma ni 2004/05. Msimu uliotangulia Everton walimaliza nafasi ya 17 wakiwa na pointi 39, hatua moja juu ya shimo. Kisha Rooney akauzwa Manchester United. Kila mtu akasema hawa wanashuka. Walimaliza wa nne, juu ya Liverpool, mwaka uleule Liverpool walipobeba ubingwa wa Ulaya! Na mabao yao? Walifunga 45 na kufungwa 46. Timu iliyofungwa mabao mengi kuliko iliyofunga, ikaenda kwenye mchujo wa Ligi ya Mabingwa. Unaelewa maana yake? Walikuwa wanashinda moja bila, moja bila, mbili moja, na siku ya kufungwa wanafungwa nyingi. Lee Carsley peke yake mbele ya mabeki wanne, viungo wanne mbele yake, Marcus Bent anahangaika juu, na Tim Cahill, mtu asiye mrefu aliyenunuliwa Millwall kwa pauni milioni moja na nusu, anachelewa makusudi kuingia kwenye boksi ili afike wakati mmoja na krosi. Ile ni timu iliyopangwa na mtu aliyecheza miaka mingi akiwa upande dhaifu. Anajua kinachomuumiza beki, kwa hiyo anajua amtume nani akamuumize.

Jicho lake la usajili nalo lilikuwa la beki. Joleon Lescott alitoka Wolves kwa takriban pauni milioni tano, akauzwa Manchester City kwa zaidi ya milioni ishirini. Phil Jagielka, Leighton Baines. Séamus Coleman aliletwa kutoka Ireland, klabu ya Sligo Rovers, kwa pauni elfu 60, akaja kuwa nahodha. John Stones aliletwa kutoka Barnsley. Joseph Yobo wa Nigeria na Steven Pienaar wa Afrika Kusini walifanya makubwa chini yake, na mimi bado naamini Baines na Pienaar upande wa kushoto ni mfano bora wa kuwafundishia vijana jinsi beki wa pembeni anavyopanda bila kuacha pengo. Mara tatu makocha wenzake wa Uingereza walimchagua kocha bora wa mwaka: 2003, 2005 na 2009. Kombe hakupata. Karibu zaidi ilikuwa fainali ya FA ya 2009: Louis Saha alifunga kwenye sekunde ya 25, na Chelsea wakageuza ikawa 2-1.

Sasa Old Trafford, maana najua wenzako watakurudisha huko.

Ferguson alistaafu Mei 2013 akiwa bingwa kwa pointi 89, akampendekeza Moyes, na mkataba ukawa wa miaka sita. Alifukuzwa tarehe 22 Aprili 2014 baada ya mechi 51, timu ikiwa ya saba. Kuna visingizio vya haki. Mtendaji mkuu David Gill aliondoka pamoja na Ferguson, na usajili mkubwa wa kiangazi ukaishia kwa Marouane Fellaini peke yake, tena saa za mwisho za dirisha. Wachezaji kadhaa wa nguzo umri ulishawatupa mkono. Lakini wewe unataka kuwa kocha, kwa hiyo nitakuonyesha makosa yake mwenyewe.

La kwanza, alikuja na watu wake wa Everton na kuwaacha waondoke wasaidizi wa Ferguson waliokuwa wanaijua nyumba ile kila chumba: Mike Phelan, René Meulensteen, na kocha wa makipa Eric Steele. La pili ni la kiufundi, na ningependa uitafute mechi yenyewe. Februari 2014, United wako nyumbani na Fulham, timu ya mkiani. United walipiga krosi zaidi ya 80. Zaidi ya themanini, mdogo wangu! Ninyi mabeki mnajua: krosi ya juu kutoka pembeni, ukiwa umeuelekea mpira na umesimama vizuri, ndiyo kazi nyepesi kuliko zote. Mabeki wa Fulham waliipiga vichwa mpaka jua likazama. United walifunga mawili ya haraka mwishoni, wakadhani wamepona, na dakika za nyongeza Darren Bent akasawazisha, 2-2. Kocha wa Fulham siku ile? Meulensteen, yuleyule aliyeachwa aondoke.

Hapo ndipo ukuta wa Moyes ulipokuwa. Miaka yote alijifunza jinsi timu ndogo inavyoishi: jipange, subiri, piga pembeni, shinda mipira iliyokufa, yaani kona na faulo. Sasa wapinzani wakawa wanamfanyia yeye mambo hayohayo, naye hakuwa na ufunguo. Septemba 2013 West Bromwich Albion walishinda Old Trafford kwa mara ya kwanza tangu 1978, na kocha wao alikuwa Steve Clarke, beki mwenzake, Mskochi mwenzake, waliozaliwa mwaka mmoja. Clarke alimfanyia kile ambacho Moyes angemfanyia mtu mwingine.

Miaka iliyofuata haikuwa mizuri sana. Mwaka mmoja Real Sociedad, huko Hispania, akaifunga Barcelona 1-0 lakini hakudumu. Sunderland akashuka nayo daraja mwaka 2017. Wakati ule hata mimi nilidhani amekwisha, na niliwaambia watu hivyo. Nilikosea.

West Ham walimchukua mara mbili. Mara ya kwanza aliibakiza Ligi Kuu, hawakumwongezea mkataba. Desemba 2019 wakamwita tena. Akamleta Jarrod Bowen kutoka Hull, daraja la pili, na Tomáš Souček na Vladimír Coufal kutoka Prague. Akamgeuza Michail Antonio, aliyekuwa winga, kuwa mshambuliaji wa kati. Msimu wa 2020/21 wakamaliza wa sita. Mwaka uliofuata nusu fainali ya Ligi ya Europa. Na tarehe 7 Juni 2023, huko Prague, fainali ya Conference League, kombe la tatu la klabu za Ulaya, na Fiorentina ya Italia, ubao ukisoma 1-1, dakika ya 90, Lucas Paquetá akampenyezea Bowen pasi nyuma ya mstari wa ulinzi, Bowen akakimbia peke yake na kufunga. Kombe kubwa la kwanza la West Ham tangu 1980. Baba yake Moyes, mzee wa miaka 87, alikuwepo uwanjani. Moyes aliivua medali yake na kumvisha mzee shingoni. Alikuwa na miaka 60 na hilo lilikuwa kombe lake kubwa la kwanza akiwa kocha. Nilipoona mzee ameishika ile medali kwa vidole viwili, nilizima sauti ya televisheni.

Januari 2025 Everton walimwita tena, wakiwa pointi moja juu ya mstari wa kushuka. Walimaliza wa 13. Yeye ndiye aliyekaa benchi siku timu ya wanaume ilipocheza mechi ya mwisho Goodison Park, uwanja wa Everton uliotumika tangu 1892. Novemba mwaka huohuo akaipeleka Everton Old Trafford. Dakika ya 13 Idrissa Gueye alipewa kadi nyekundu kwa kumpiga kofi mchezaji mwenzake, Michael Keane. Wakabaki kumi. Kiernan Dewsbury-Hall akafunga, na kwa zaidi ya saa nzima Everton wakajilinda, krosi juu ya krosi, mpaka kipenga. 1-0. Ulikuwa ushindi wa kwanza wa Moyes pale akiwa kocha mgeni. Waambie wenzako waitazame mechi hiyo pamoja na ile ya Fulham, zifuatane.

Sasa wewe. Fuatilia kwenye chama cha soka cha mkoa lini kozi ya Leseni D ya CAF inatangazwa, na ukiisikia jiandikishe hata kama ligi inaendelea. Ongea na kocha wako akuruhusu. Wakati unasubiri, omba kuwafundisha watoto wa mtaani kwenu siku mbili kwa wiki, umri wa chini ya miaka 13. Kumweleza mtoto wa miaka 11 kwa nini asimame hatua mbili nyuma kutakuonyesha kama kweli unakijua unachokijua. Nunua daftari. Baada ya kila mechi yenu, kabla hujalala, andika bao mlilofungwa lilianzia wapi. Usiandike kosa la nani. Andika mpira ulipotokea, pasi tatu nyuma, na ungesema neno gani ili usifike. Msimu mmoja tu, kisha niandikie tena uniambie bao gani linajirudia.

Na usiache kucheza. Moyes aliipata timu yake ya kwanza kwa sababu viongozi walikuwa wanamwona kila siku mazoezini, akiwa na jezi yenye jasho, anaongea.